Barua Niliyojiandikia

Kosa hili nililifanya kwa makini, tena kwa rula.

Kibali changu cha kazi kilikuwa karibu kuisha, na bila barua ya mwajiri nisingepata kingine. Msimamizi wa kiwanda chetu cha maboksi kule Brampton, Kanada, alikuwa na haraka. "Andika mwenyewe, mimi nitatia sahihi," aliniambia.

Niliazima kitabu cha barua rasmi kutoka maktaba, nikapima pambizo, nikaanza kupiga taipu. Shida ilikuwa kujisifu. Nimelelewa nikijua kwamba mtu husifiwa na wenzake. Basi nikaandika kuwa mfanyakazi huyu ni wa kawaida, ana mapungufu mengi ila anajitahidi, na wapo wengi wanaomshinda.

Mke wangu aliisoma akicheka. "Baba Neema, hii ni ya kukuombea kazi au ya kukufukuza?"

"Unyenyekevu haujamfukuzisha mtu kazi," nilimjibu.

Msimamizi alitia sahihi bila kusoma. Afisa wa uhamiaji, mjini Toronto, aliisoma mara mbili.

"Bosi wako anasema wapo wengi wanaokushinda. Kwa nini tusiwape hao kazi hii?"

Nilisahau unyenyekevu wote. "Si kweli. Mashine ile ikigoma, wananiita mimi, hata Jumapili."

"Kwa hiyo bosi wako ni mwongo?"

"Hapana, mama. Ni mtu mwema sana."

"Basi nimpigie, anieleze hayo mapungufu yako," akasema, mkono tayari kwenye simu.

"Usimsumbue, mama. Hayajui. Aliyeyaandika ni mimi."