Ngao ya Mlangoni na Mtende wa Mwisho wa Bibi

Mwaka huu nimenunua lori kuukuu la Kijerumani, nikalileta mjini Firq kwenye karakana yangu nilitie tangi liwe boza la kubebea maji. Maana mimi, ndugu yangu, ndiye mtu wa maji. Skuli niliiacha mapema, lakini ukikutana na boza barabara ya Ibra mpaka Sur, uliza ni la nani. Wale waliokuwa wakinipita darasani leo wananibembeleza kwenye simu niwapelekee maji.

Lori lilikuwa la baraza la kijiji kimoja huko kwao Wajerumani, na mlangoni ilibaki ngao yao, nembo ya kijiji: kijani, mstari mweupe wa mawimbi katikati, juu nusu gurudumu, chini suke la ngano. Fundi rangi alikwisha shika msasa aikwangue. Kumbe pale pana mzee wa Kijerumani, mtalii, kaja kuziba tairi. Kuiona tu akacheka kama kaona jamaa yake, akasema hicho kijiji ni jirani na kwao. Binti yangu akanifasiria: mawimbi ni kijito, gurudumu ni la kinu kilichozungushwa na maji, suke ni mashamba, kijani ni msitu.

"Muulize, hicho kinu kipo?"

Hakipo. Na kijito kimefukiwa, barabara imepita juu yake.

"Sasa wanachora nini? Wanachora maiti?"

Mzee akajibu taratibu: "Tunachora kilichotulisha."

Nikamwambia fundi aweke msasa chini.

Kwa sababu kilichotulisha sisi nakijua. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Ibra, na maji yalikuja kwa falaji, ule mfereji wa watu wa kale unaotokea chini ya jabali. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake, inayopimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani. Bibi yangu, mzaa baba, alirudi kutoka Pemba, ng'ambo ya bahari, na sanduku la nguo na mbuzi ya kukunia nazi, nazi zenyewe hazipo. Marehemu babu alimwachia kishamba cha mitende na zamu ya maji. Mwaka wa kwanza akakaa kuisubiri mitende izae yenyewe kama minazi! Hakujua kwamba mtende jike hutiwa maua ya dume kwa mkono. Tukapata vitende vidogo, vichungu, hata mbuzi walivitema. Jirani yetu, mama mwenye sauti ya kupasua mawe, akamwambia juu ya ukuta:

"Bi mkubwa, hata mtende unataka mume!"

"Wangu wajane kama mimi, waache wapumzike."

Walicheka mpaka wakajishika mbavu, na mwaka uliofuata jirani akamleta mumewe atupandie mitende, aitie maua.

Kazi yangu ilikuwa kuziba na kufungua maji kwa jiwe na matambara. Hadi leo nasikia harufu ya udongo uliorowa na mkate wa kumimina ukiiva jikoni, na visamaki vya falaji vikinidonoa visigino.

Halafu zikaja pampu. Kwanza moja, kisha kila mwenye uwezo akaweka yake, hata mume wa jirani. Kutwa ngurumo. Maji ya chini yakazama, falaji ikakonda. Zamu yetu kivuli chake kilikuwa kile kile, lakini maji yakawa kama kamba, kisha kama uzi. Bibi ikambidi achague mtende upi unywe na upi ufe. Alipita akiigusa mmoja mmoja, akisema nayo Kiswahili: "Wewe niwie radhi." Mwisho ukabaki mmoja, karibu na jiko, na nyumba nzima ikawa inaishi kwa ajili yake. Maji ya kuoshea mchele, maji ya kunawia, yote pale.

"Karafuu zangu za Pemba wameninyang'anya," alisema. "Na huu nao?"

Kiangazi kile falaji ilikatika kabisa. Bibi akamwita mume wa jirani aje na shoka.

"Ngoja kidogo, Bi mkubwa. Huenda ikanyesha."

"Ukifa wenyewe utakuwa kuni. Ukate ungali na moyo."

Huo moyo wa mti, laini, mweupe, wa kuliwa, kwao Pemba huitwa shaha, na mnazi ukiangushwa majirani hugawiwa. Bibi aliukata juu ya sinia, fungu la kwanza akampa aliyeuangusha. Yule bwana alikula amesimama. Bibi akala lake lote, akafuta kinywa kwa ncha ya kanga, akaingia ndani. Hakutoka tena kukaa upande ule wa nyumba mpaka alipokufa.

Siku hizi mfereji umejaa mifuko ya nailoni, na kishambani pamemwagwa zege. Naweza kupeleka maji nyumba yoyote nitakayo, ila pale hakuna cha kumwagilia. Wanangu nikiwatajia shaha wananitazama tu. Na mimi siku ile nilikuwa mtoto, nilikuwa na njaa, nililamba vidole. Moyo ule ulikuwa mtamu kuliko tende zote tulizowahi kuvuna.