Niliripoti komenti bila kuisoma, sasa nina jicho moja: mods wa jukwaa la teknolojia, huu uzi msiufute

Wakuu, salamu kwenu, wakongwe na wageni.

Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, na jicho langu la kushoto ni shahidi. Mimi ni darasa la saba, fundi simu na betri hapa Moshi mjini, nyumbani ni Uru. Mwandiko wangu mnaujua, vumilieni.

Ufundi nimejifunzia humu humu. Chuo sijakanyaga. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda nilikuwa nasoma kwanza habari za jukwaa hili, simu gani imetoka, betri gani imekuja. Ndiyo maana nina uchungu.

Majina nitayataja.

Wa kwanza ni Injinia Volti, moderator. Aliweka uzi wa jinsi ya kuishtua kwa umeme betri ya sola ya lithium iliyokufa ili ishike chaji tena. Ukapigiwa like nyingi, akaubandika juu kabisa, na mpaka leo uko pale.

Sisi wakongwe tuliopewa nyota na jukwaa tulikuwa na group letu la pembeni. Siku moja Volti akaandika kule: "Kuna mgeni anachafua uzi wangu wa betri. Wakongwe fanyeni kazi."

Kufanya kazi maana yake ni kubonyeza ripoti. Wenye nyota watatu wakibonyeza, komenti inajifuta. Huulizwi sababu. Na aliyeandika haambiwi kitu, anaona tu maneno yake hayapo.

Nitoke kidogo kwenye mada. Hicho kitufe cha ripoti kimebanana na cha like, vyote vidogo kama punje za ulezi. Sisi wenye vidole vya kazi tunabonyeza tusichokitaka kila siku. Nimelisema hili mara ngapi.

Lakini siku ile sikukosea kitufe. Nilikusudia.

Miezi ikapita. Mteja mmoja wa Holili akaniletea betri ya sola iliyolala muda mrefu, imevimba kidogo ubavuni. Nikafungua uzi wa Volti, nikafuata hatua moja baada ya nyingine. Chini kulikuwa na komenti za "shukrani mkuu" na "imepona". Onyo hata moja halikuwepo.

Ilipolipuka nilidhani bati la kibanda limeng'oka. Halafu nikasikia harufu ya nywele zangu.

Jicho likaenda. Vidole viwili vya mkono wa kulia mpaka leo havikunjiki. Jirani yangu mshona viatu ndiye aliyenimwagia mchanga na kunikimbiza hospitali, Mungu ambariki.

Nilipopata nafuu nikayaandika humu. Volti akanijibu mbele zenu: "Mzee, darasa la saba na lithium wapi na wapi. Rudi kwenye migomba."

Wengine mkacheka, nimewaona. Wa pili namtaja hapa, mwenye jukwaa, yule tunayemwita Mkuu wa Kaya. Alichofanya ni kuufunga uzi wangu. Wa Volti akauacha.

Nikamfuata Volti inbox. Nikamuuliza, kwa nini hamkuweka onyo?

Akanitumia skrinshoti. "Onyo liliwekwa, mzee. Soma waliolifuta."

Komenti ilikuwa hivi: "Jamani hiyo betri ikivimba msiishtue. Yangu ililipuka ikaniunguza shingo. Mama Salma, Mabogini kwenye mpunga."

Chini yake majina matatu ya walioripoti. La pili ni langu.

Nilikaa na hiyo picha wiki nzima. Halafu nikapanda nyumbani Uru, nikakata tawi la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo. Kwa wasiojua, isale ndilo jani letu la kuombea msamaha. Sisi Wachagga ukiletewa isale huwezi kukataa, hata kama ugomvi ulikuwa wa mpaka wa shamba.

Nikashuka nalo Mabogini. Mama Salma hakunipa kazi kumpata, anachajia watu simu kwa sola kandokando ya majaruba. Shingo yake ina kovu mpaka sikioni.

"Shikamoo baba," akasema. "Hayo majani ni ya mbuzi? Mbuzi sina."

Kumbe ni mtu wa Kondoa. Isale halijui.

Wakuu, nilikuwa nimejipanga nimkabidhi jani ninyamaze. Ikabidi niseme kwa mdomo. Nikasema, mama, mimi ni mmoja wa waliokufuta, na sikusoma ulichoandika.

Akaliangalia jicho langu.

"Nilijua nimeandika vibaya," akasema. "Nikajua pale ni pa wasomi. Sikuandika tena."

Nikamwambia, mama, nisamehe.

"Hapa kwangu hakuna aliyenifuta, baba. Nilifutwa kule, mbele za watu. Kaseme kule."

Ndiyo nimekuja kusema. Mama Salma, uliandika vizuri. Aliyekosea ni mimi, na mimi ndiye wa tatu kwenye majina niliyosema nitayataja.

Mods, anayeripoti aandike sababu na jina lake lionekane. Anayefutwa aambiwe, apewe nafasi ya kujitetea. Onyo la mtu aliyeungua likae juu ya uzi, hata kama kaandika mgeni asiye na like moja. Na hicho kitufe kisogezeni.

Mimi nyota yangu nimeirudisha. Nilichojifunza ni hicho tu, kwamba nilimnyamazisha mtu aliyekuwa ananiokoa.

Karibuni mchangie. Anayetaka kuniripoti aripoti, ila asome kwanza mpaka mwisho.

Isale liko kwa Mama Salma, kalitumbukiza kwenye ndoo ya maji nyuma ya nyumba. Kasema uzi huu ukikaa siku tatu bila kufutwa, atalipanda.

Leo ni ya kwanza.