Kompyuta Niliyoifumia Kitambaa

Ulikuwa ule mwaka tuliokula ndengu mpaka tukaanza kuziota. Mahindi yalikauka yakiwa marefu kama goti, muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ukawa chakula cha harusi, lakini ndengu, sijui nani alizibariki, zilijaza magunia ya Makueni yote. Asubuhi ndengu za jana na chai. Mchana ndengu na chapati, ukibahatika. Jioni ndengu na maji yake. Mtu akiniuliza mjukuu wangu alianza kazi mwaka gani, sitaji namba. Nasema mwaka wa ndengu, na kila mtu huku kwetu, nje kidogo ya Emali, anajua ni upi.

Huyo mjukuu ni mtoto wa binti yangu wa mwisho, na nimemlea mimi. Ananiita susu, kama Wakamba wote wanavyowaita nyanya zao. Alisomea kuchora nyumba katika chuo cha ufundi kule Kitui, akarudi na cheti. Cheti nikakitundika ukutani juu ya redio. Kikakaa hapo mwaka mzima kikitazamana na sisi, na hakuna aliyemwita kazini.

Kisha akasikia shule moja ya Nunguni inaondoa kompyuta zake za zamani. Akapanda huko milimani, akafagia stoo yao yote, akapewa moja. Alirudi ameipakata kama mtoto mwenye surua. Sanduku jeusi, jembamba, na skrini yake yenye alama ya mkwaruzo. Akaiweka mezani, akaiwasha, na baada ya siku chache akaniita.

"Susu, njoo uone."

Nikaona nyumba. Haikuwa picha ya nyumba kama ya kalenda. Ilikuwa nyumba inayozunguka. Akiigusa inageuka, unaona mgongo wake. Akiigusa tena unaingia mlangoni kama mwenye funguo. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, basi, lakini kitu cha maana nikikiona nakijua. Nilivuta kiti nikakaa.

Sasa lazima niseme habari ya vitambaa. Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Viti vina vitambaa, redio ina kitambaa, thamosi ina kitambaa, hata mtungi wa maji ya kunywa umevaa. Kanisani, meza ya mbele imevaa kazi ya mikono yangu, na wageni wakija huuliza imetoka wapi. Kwa hiyo kompyuta nayo nikaifumia. Wiki tatu, uzi mzito mweupe, maua ya manjano pembeni, kimefunika sanduku lote mpaka chini, na tundu moja tu mbele la kuwashia. Vumbi la malori ya Emali halichezi, nikasema halitaiona hii. Mjukuu wangu akaitazama, akasema, "Asante, susu. Ni nzuri sana." Akashika pembe yake, akasema, "Lakini ingefaa ipumue."

"Ipumue ina pua?" nikamwuliza.

Akacheka, yakaisha.

Wakati huo mwanangu wa kwanza, mjomba wake, anayekaa Athi River, alikuwa amemwombea nafasi kiwandani, kushona mikono ya mashati. Kazi ya heshima, sikatai. Alikuwa amemnyenyekea msimamizi mpaka akakubaliwa. Akanipigia simu.

"Mama, nafasi inafungwa Ijumaa. Huyo msichana aache kucheza na hilo boksi."

Lakini na yeye msichana alikuwa amepata mtu wa kumchorea nyumba. Mama mmoja Mwislamu, watu wake ni wa kutoka kaskazini mashariki, ana duka la nguo Emali na ananunua mbuzi siku za soko. Alitaka kujenga maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Alikuwa amejengewa zamani na mtu mwenye ofisi na tai, ngazi ikaishia mlangoni mwa choo.

"Mimi karatasi siwezi," alimwambia mjukuu wangu mbele yangu. "Karatasi naona mistari, kama kuku amepita. Nionyeshe nyumba nitembee ndani kwa macho. Nikiiona Alhamisi, kazi ni yako. Nisipoiona, narudi kwa mwenye tai."

Mambo yakawa hivyo. Alhamisi au shati.

Jumatatu kompyuta ikaanza wazimu. Nyumba ikizungushwa mara tatu, mara nne, inakwama. Kisha inakatika vipande, inakuwa mistari ya kijani na zambarau kama kanga iliyochanwa na mbuzi, kisha skrini giza. Ukiizima ukangoja, inarudi. Ukizungusha nyumba, giza. Mjukuu wangu hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikaa akiuma kucha tu.

Jumanne tukaibeba kwa fundi Emali. Nikavua kitambaa, nikakikunja, nikakiacha nyumbani ili kisichafuke kwenye meza ya fundi yenye mafuta. Fundi akaitazama akacheka.

"Mama, hii imezeeka."

"Na mimi nimezeeka," nikamwambia, "na jana nimelima mpaka kwenye mpaka. Fungua."

Akaiwasha kabla ya kuifungua. Ikazunguka. Mjukuu wangu akazungusha ile nyumba mpaka mimi nikapata kizunguzungu, haikukwama hata kidogo. Fundi akapiga makofi.

"Mashine ni nzima. Inaogopa kwenu tu. Kuna nini huko, mama? Fisi?"

Watu waliokuwa wakichaji simu hapo wakacheka. Nikawaangalia mmoja mmoja mpaka wakakumbuka adabu.

Fundi akasema basi tuongeze kadi ya picha, na ana moja. Akaileta, ndefu kama mkate. Mjukuu wangu akamwambia haitaingia, sanduku ni jembamba na umeme wake ni mdogo. Fundi akajaribu hivyo hivyo. Ilikuwa kama kuingiza fahali kwenye banda la kuku. Akairudisha.

Njiani nikamwuliza msichana, hiyo kadi ni kitu gani, na kwa nini yetu haina.

"Susu, kuna kompyuta zina kadi yake kabisa ya kuchora picha, na memori yake yenyewe. Yetu haina. Picha inachorwa na ubongo uleule unaofikiria mambo mengine, na ikihitaji memori inaazima ile ya kompyuta. Na hiyo memori yenyewe ni ndogo."

Nikamwambia hapo nimeelewa kuliko fundi. Mimi nilipoolewa sikuwa na ghala langu. Nilikuwa nachota kwa mama mkwe, na kila nikichota, sufuria yake inapungua na macho yake yanaongezeka. Dawa ilikuwa moja: kujaza lile ghala mpaka litutoshe sote wawili.

Akasimama barabarani. "Susu, ndiyo hiyo hiyo. Tukiongeza memori ya pili, picha itachota bila kubanwa."

Tukarudi kwa fundi. Alikuwa na kipande kimoja alichokitoa kwenye mashine iliyokufa, kijani, kidogo kama kitana. Nikamwambia nitamletea jogoo. Akadhani namtania. Jumatano asubuhi nikafika na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kelele, na msichana akamwomba pia kibomba kidogo cha dawa nyeupe ya kupoza ubongo wa kompyuta. Fundi akatoa vyote huku jogoo akimdonoa kidole.

Tulipofika nyumbani nikafanya kama kawaida yangu: nikaivalisha kompyuta kitambaa chake. Msichana akaiwasha aangalie kwanza. Haikufika dakika kumi, mistari, giza. Nikaona mkono wake umekunja pembe ya kitambaa nyuma ya sanduku, na mkono wangu ukatoka wenyewe kuinyoosha. Hapo nikashtuka. Nikakumbuka tangu Jumatatu nimekuwa nikikuta ile pembe imekunjwa, nami nainyoosha. Imekunjwa, nainyoosha. Nilidhani ni panya.

Nimelea watoto saba, homa naijua. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa, nikaweka mgongo wa mkono kwenye sanduku. Moto. Moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Kule Nunguni wanavaa makoti mpaka saa nne, ilikuwa inapoa yenyewe. Hapa kwetu jua linachemsha bati, na juu yake mimi nimeivalisha blanketi. Kwa fundi ilikuwa uchi, ndiyo maana ilikuwa nzima.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilishuku, susu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Jana ilipokubali kwa fundi, nikajua."

"Na ukanyamaza? Na kesho ndiyo Alhamisi?"

Akatazama chini. "Ulifuma wiki tatu. Nikasema nikunje kidogo tu nyuma."

 Nilikivua kile kitambaa kwa mikono yangu miwili, nikakitupa kitandani. Nikamwambia, "Siku nyingine nikikunyonga na kitambaa, niambie nakunyonga. Heshima gani hiyo ya kufa kimya? Sasa lete hiyo bisibisi."

Tukaifungua. Ndani feni ilikuwa imefuga vumbi nene kama manyoya ya punda. Tukaitoa nje chini ya mti, nikaleta pampu ya baiskeli ya marehemu mzee wangu. Msichana akaelekeza, mimi nikapiga. "Susu, shika feni kwa kidole isizunguke." Nikashika. Likatoka wingu tukakohoa sote. Akafungua feni, akafuta ile dawa ya zamani iliyokuwa imekauka kama uji juu ya mwiko, akapaka mpya, tone moja la ukubwa wa ndengu. Akaisukuma memori ya pili mahali pake mpaka ikasema ta.

Tukaiwasha. Skrini giza. Sanduku likalia pii, pii, pii.

Nikasema jogoo wangu ameenda bure. Lakini yeye, msichana wangu, hata hakukunja uso. Akaizima, akaitoa ile memori, akaenda kutafuta raba ya penseli. Akayasugua yale meno yake ya manjano taratibu, mbele na nyuma, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Akairudisha. Akawasha. Picha ikaja. Akaingia mahali penye maandishi meupe tu, akaniambia hapo ndipo anaiongezea picha sehemu yake ya kuchota. Kisha akaizungusha ile nyumba na hakuacha, mpaka nikamwambia aiache nayo ipumzike.

Alhamisi yule mama akafika, buibui ina vumbi la soko la mbuzi. Nikampa chai. Akakaa karibu na skrini, mimi nikasimama nyuma ya sanduku, mgongo wa mkono wangu juu yake.

"Zungusha," akasema.

Ikazunguka.

"Nipandishe ngazi."

Akapandishwa.

"Simama hapo. Mpangaji akitoka chumba hiki, macho yake yanaingia wapi?"

"Kwenye mlango wa jiko la chumba cha pili, mama."

"Hapana. Mwanamke hapiki mbele ya mwanamume wa watu. Geuza."

Palepale, mbele ya macho yetu, msichana akauhamisha mlango. Feni ikanguruma kama mashine ya kusaga posho. Mimi nikabonyeza mkono. Joto la kawaida tu, kama la mtu anayefanya kazi. Nyumba haikukatika. Mlango ukakaa upande mwingine, mwanga ukaingia kwa dirisha, na yule mama akasogea mbele, akaufuata ule mlango kwa kidole mpaka dirishani.

"Na choo?"

"Choo kiko huku nyuma. Ngazi iko kule mbele."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akanigeukia mimi.

"Huyu msichana ni wa nani?"

"Wangu," nikasema. Sijawahi kusema neno fupi likanijaza mdomo namna ile.

"Aje kwa kiwanja Jumatatu na kamba ya kupimia. Yule wa tai nitamwambia mwenyewe."

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Msichana alipoona ni mjomba wake akanipa.

"Susu, ongea wewe. Mimi atanibembeleza tu."

"Unataka niseme nini? Kazi ni yako, na maisha ni yako. Nikisema, nasema la kwako."

"Mwambie siendi. Nina kazi."

Nikapokea. Mwanangu alikuwa ameshaanza kuongea: abebe kitambulisho na cheti, ashuke stendi, atamngoja hapo.

"Haendi. Ana kazi."

 Nikasikia mashine za huko kwake zikilia. Ni mtoto mzuri, alikuwa amehangaika kwa ajili ya mpwa wake, na nilijua ninamwumiza.

"Mama," akasema, "kazi gani? Hiyo kompyuta ilitupwa na shule. Mimi nimeweka jina langu hapa. Huyu msimamizi amesimama mbele yangu, anangoja. Nimwambie nini?"

"Haendi. Ana kazi."