Kinyoya kwa Mkono wa Kulia

Siku ya kwanza kuona badminton nilidhani mwalimu wetu ni mwanamazingaombwe. Alishika kinyoya, kile kidude cha manyoya yaliyochomekwa kwenye kizibo, uzito wake haufiki hata salamu. Akakigonga kwa raketi. Wallahi, kilitoka kama risasi, kikavuka wavu, halafu huko hewani kikakumbuka kwamba kumbe ni manyoya tu, kikaanza kushuka taratibu kama bibi harusi. Mdomo wangu ulibaki wazi. Nzi wote wa Garissa wangeweza kufanya mkutano mle ndani.

Tulikuwa wanawake tisa wa masomo ya jioni, na mwalimu, binti wa bara, alituombea ukumbi wa shule kwa saa moja baada ya alasiri, kabla ya darasa. Tunafunga milango, tunatundika mabuibui, tunakimbia. Aliyeipenda saa ile kuliko sisi sote ni muuza maziwa mmoja, mama wa watoto saba, tuliyemwita habaryar, yaani mama mdogo. Asubuhi ana maziwa, jioni ana sufuria. Alituambia kwamba tangu aolewe hajakimbia ila nyuma ya mbuzi.

Sheria za kuanzisha zilitutoa jasho kuliko hesabu. Kinyoya kipigwe chini ya kiuno, miguu yote miwili ibaki sakafuni, kiende mshazari. Pointi zako zikigawanyika kwa mbili, anzia kulia, zisipogawanyika, kushoto. Ukikosea mara moja umekosa, hakuna kurudia.

Tatizo la habaryar lilikuwa jingine. Mwalimu alimwambia ashike raketi kwa kulia na kinyoya kwa kushoto. Akakataa.

"Mimi napea mtu kitu na mkono ya kushoto? Hata mbuzi siwezi pelekea majani hivyo."

"Lakini habaryar, humpi. Unampiga nacho."

"Kwanza nampa. Kupiga inakuja baadaye."

Basi akawa anashika kinyoya kwa kulia na raketi kwa kushoto, anaanzisha, na kinyoya kikiwa bado kinapanda, raketi imesharuka mkono wa kulia. Hatukuiona ikihama. Mimi nilikodoa macho mwezi mzima, sikuiona.

Kisha wakaja akina dada wa maofisini, nao wakaitaka saa ileile. Mwalimu mkuu, mtu asiyependa kelele, akaamua: kila upande utoe mchezaji mmoja, seti moja, mshindi achukue saa. Anayeshindwa atacheza uwanjani, mbele ya mji mzima na upepo wake. Sisi tukamtoa habaryar. Uwanjani asingekwenda, kwake, kushindwa kulikuwa mwisho wa kukimbia.

Wao walileta karani mwenzao mrefu, mrefu kiasi kwamba akisimama karibu na taa kulikuwa na giza. Habaryar alipoanzisha mara ya kwanza, karani akainua mkono.

"Mwalimu, huyu anabadilisha mikono kama anakanda unga. Hiyo ni halali?"

Mwalimu alikuwa refa. Akatoa karatasi ya sheria, akasoma kwa sauti: kiuno kipo, miguu ipo, mshazari upo. Akageuza nyuma. Mkono, hakuna. Nilisikia baridi mwilini, na Garissa baridi haipatikani. Watu wa mbali waliokaa wakaandika sheria ile hata mistari ikatakiwa isikanyagwe, walikuwa wamemwachia habaryar adabu yake bila kumjua.

"Endeleeni," mwalimu akasema.

Walifika ishirini kwa ishirini, na hapo lazima uongoze kwa mbili. Hakuna aliyeongoza. Ishirini na tano sare, ishirini na nane sare. Mioyo yetu iligonga hadi nikahofia paa. Ishirini na tisa kwa ishirini na tisa, ambapo pointi moja tu inamaliza, na zamu ya kuanzisha ni ya habaryar.

Tisa haigawanyiki kwa mbili. Akasimama kushoto. Miguu kimya. Akakigusa kinyoya kidogo tu, kikapita juu ya wavu kama kinaomba radhi, na karani akakiangalia akiwa na hakika hakitaufikia mstari wa mbele. Hakukirudisha. Kilitua juu ya mstari.

Tukamgeukia mwalimu.

"Mstari ni ndani," akasema.

Habaryar alikaa sakafuni akavuta pumzi, machozi yakimtoka, na karani akavuka chini ya wavu akachuchumaa mbele yake.

"Mama, sasa kesho nikija utanifungia mlango?"

Habaryar akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha.

"Mlango tunafungia wanaume, abaayo, dada yangu. Wewe ni mwanaume?"

Kesho yake, baada ya alasiri, maofisi yalituletea wanawake sita, na tukalazimika kupanga foleni.