Sketi Yangu na Benchi la Lami

Kijiji kizima kiliiona shimizi yangu siku ile, kwa hiyo sina cha kuficha, chekeni kwanza mmalize halafu mnisikilize, maana mimi mpaka leo hasira ni kubwa kuliko aibu.

Ilikuwa kijijini kwetu karibu na Mikumi, miaka ile tuliyokusanywa tulime shamba la ujamaa. Kinamama tulilima huku watoto tumewalaza pembezoni kivulini, na siku moja siafu wakamwingia Neema wangu, hata kukaa hajajua vizuri, wakamng'ata mpaka masikioni. Basi mabati yalipoletwa kutoka Kilosa nikasema haya ni ya banda la watoto. Halmashauri ya kijiji (wanaume watupu, hakuna aliyewahi kushika jembe na mtoto mgongoni) ikasema ni ya ofisi. Ukaitishwa mkutano, nasi kinamama tukakubaliana: Mama Neema amesoma, akisimama yeye, wote tunasimama.

Nikavaa sketi ya sufu niliyoifuma mwenyewe nilipokuwa sekondari kule milimani (ndiyo, sufu, Mikumi, jua la mchana, lakini ndiyo ilikuwa nguo yangu ya heshima). Wenzangu nikawakuta chini kwenye mikeka. Mimi nikasema leo sikai chini, nikaenda benchi la mbele, la wakubwa.

Jirani yangu Mama Salima akaniita, "Mama Neema, rudi huku, huko utaungua makalio!"

Nikajifanya kiziwi. Nikamwamkia Mzee Kibwana wa halmashauri, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu ukae," na tabasamu juu. Yeye alikuwa amekalia gunia. Wote walikuwa wamekalia magunia! Benchi lilipakwa lami iliyobaki kwa watengeneza barabara, kuzuia mchwa, asubuhi ngumu kama jiwe, mchana laini kama ugali, nao walijua, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mwenyekiti akahutubia weee, jua linapika, mimi nazidi kuzama. Mwisho akasema, "Anayepinga ofisi asimame!"

Nikasimama. Sketi haikusimama.

Aliyewahi kufuma anajua, kitambaa cha kufuma ukikivuta kwa upana kinakufuata tu, kwa urefu kinagoma. Nikajipinda kushoto, kikatanuka, nikajipinda kulia, kikatanuka, lami haikuachia hata uzi mmoja. Nikajivuta juu kwa nguvu, kiuno cha sketi kikateremka, shimizi nje! Nikaketi haraka, Neema mgongoni analia, watu wanashika mbavu.

"Mama Neema, unapinga au unacheza ngoma?"

"Napinga!"

"Basi simama."

"Ndugu Mwenyekiti, nimenasa!"

"Nimesema asimame, sikusema ainuke-inuke. Hakuna anayepinga. Imepita!"

Wanaume wakapiga makofi. Kinamama kwenye mikeka walikuwa bado wananisubiri mimi.

Mama Salima akaja na kanga, nikajifunga, nikatoka ndani ya sketi, ikabaki imekaa peke yake kama mjumbe. Kinamama watatu wakaishika wakavuta huku na huku, ikatanuka hadi ingewaenea wote. "Msivute kwa upana!" nikafoka. "Shikeni pindo, vuteni kwa urefu, polepole!" Hapo ndipo ikaanza kubanduka, mstari kwa mstari. Mzee Kibwana, gunia kwapani, akapita akisema, "Kumbe elimu inasaidia." Shikamoo ya siku ile ndiyo ilikuwa heshima yangu ya mwisho kwake.

Ofisi ikaezekwa. Watoto wetu wakabaki na siafu.

Mkutano uliofuata nikafika na Neema mgongoni, nikasimama mbele kabla hata ya salamu. Mwenyekiti akasema, "Kaa, mama, hatujafika huko."

"Mimi sitakaa tena kwenye mikutano yako, Ndugu Mwenyekiti. Anza tu, nimeshasimama."

Akafungua mdomo ajibu, halafu akatazama nyuma yangu. Nikasikia kinamama wanainuka, mikeka inakunjwa.