Kiganja cha Mtia Mafuta

Harufu ya mafuta ya mashine yaliyopata moto bado hunisimamisha njiani. Juzi nilikuwa napita karakana moja kule mtaa wa Troyeville, mtu anafungua injini ya lori, nikajikuta nimeganda kando ya barabara na mifuko yangu ya sokoni, namnusa babu yangu. Aliacha kazi ya meli miaka mingi kabla sijazaliwa, na alioga kila siku kwa sabuni ya mche, lakini harufu ile haikumtoka. Mama alisema imemwingia kwenye mifupa.

Babu alikuja Johannesburg kutoka Tanga mwaka ule wa Kombe la Dunia, mdogo wangu Idi akiwa wa miezi michache tu. Tulikuwa na chumba kimoja mtaa wa Bellevue, katika nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa kwa mbao, na jiko tukichangia na Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Bukavu. Baba alikuwa mlinzi huko mbali Rustenburg, tukimwona kwa nadra. Mama alisuka nywele saluni, kutwa nzima amesimama, akirudi miguu imevimba. Mtoto hakuwa na wa kumwangalia, ndipo babu akaitwa.

Aliniita "mke wangu", kama mababu wa pwani wanavyowatania wajukuu wao, nami nikiona haya mbele ya wenzangu wa shule ingawa hawakujua Kiswahili. Kila alipomwogesha Idi alinisimulia habari za meli yake.

Ilikuwa meli ya mizigo, ya mvuke, iliyoundwa wakati wa vita vikuu vya pili kwa haraka, kama chapati za mgeni aliyekwisha kubisha hodi. Walioiunda walitaka ivuke bahari mara chache na shehena za jeshi, basi. Ikizama, ndiyo vita. Haikuzama. Vita vikaisha, ikauzwa, ikauzwa tena, ikabadilishwa jina na bendera, na babu alipoajiriwa akiwa kijana ilikuwa inabeba mkonge, saruji, makaa ya mawe na chumvi, bandari hadi bandari, bila kupumzika. Mabomba yalivuja, viraka vilishonewa juu ya viraka.

"Ilizaliwa imechoka, mke wangu," alisema babu, "ila hakuna aliyeiambia."

Kazi yake ilikuwa kuitia injini mafuta. Vyuma vikubwa vilipanda na kushuka mbele yake, na yeye alitakiwa kujua kama beringi zinapata moto kupita kiasi. Kipimo kilikuwa kiganja. Alipenyeza mkono katikati ya vyuma vinavyozunguka, akaigusa beringi inapopita, akautoa kabla chuma hakijarudi kuuchukua. Kila zamu, kila beringi, miaka na miaka. Ukisubiri kuona moshi, alisema, umeshachelewa. Alinionyesha viganja hivyo kwa majivuno. Vilikuwa vigumu na laini kwa pamoja, vinang'aa kama kiti cha mbao kilichokaliwa sana.

Asubuhi moja ya baridi kali umeme ulikatika. Babu akachemsha maji kwenye jiko la mafuta ya taa, akayachanganya katika beseni, akatia kiganja. "Yamekuwa vuguvugu," akasema, na kumtumbukiza Idi miguu kwanza.

Ukelele ule sitaki hata kuuelezea. Mama Furaha alitoka mbio akamnyakua mtoto. Kliniki walimpaka dawa na kutuambia ameungua juu juu, miguu itapona. Mama aliporudi alikaa kitandani na mkoba wake bado begani.

"Baba, hukusikia moto?"

Babu alivitazama viganja vyake, kimoja kisha kingine. "Nilisikia uvuguvugu, mwanangu."

Hakugombezwa. Nadhani afadhali angegombezwa. Kuanzia kesho yake Idi alishinda kwa Mama Furaha, miguuni mwa cherehani, na babu alikaa mlangoni mikono mapajani, hana kazi. Hadithi za meli zikakoma. Niliwasikia wale wanawake wawili jikoni.

"Mutume kwao, chérie," alisema Mama Furaha. "Muzee amechoka. Siku ingine tutalia."

Mama alijibu kwamba ameshauliza habari za basi la kwenda Dar es Salaam. Nilijua maana yake. Babu anarudishwa Tanga kwa sababu hafai tena, na mimi nilikuwa nampenda kuliko mtu yeyote katika nyumba ile.

Siku chache baadaye, miguu ya Idi ikiwa imeshapona, Mama Furaha alikuwa anampima bibi harusi gauni, Idi akajichafua. Mama Furaha akamkabidhi babu mtoto, shingo upande. Babu akachemsha maji, akachanganya, na safari hii hakutia mkono. Alipiga magoti, akainama mpaka shavu lake likagusa maji. Akatulia hapo. Akaongeza maji baridi, akalaza shavu la pili. Mimi nilicheka sana. Nilidhani anayasikiliza maji, kama fundi anavyoisikiliza injini.

Nilipogeuka nilimwona mama mlangoni. Saluni haikuwa na wateja siku ile, alikuwa amerudi mapema. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Babu alimwona pia, akabaki amepiga magoti, ndevu zinachuruzika, mtoto begani, akisubiri kunyang'anywa. Mama alivua viatu. Akatupita, akajilaza kitandani, akageukia ukutani, akalala mchana kweupe.

Nilidhani amechoka tu. Alikuwa amechoka, hilo halina ubishi. Lakini leo nina binti yangu, na akiogeshwa na mtu mwingine, hata awe mama mwenyewe, siwezi kufumba jicho mpaka nisikie ametolewa majini. Mama yangu alilala usingizi wa pono, hatua chache tu kutoka kwenye beseni, na habari za basi hazikutajwa tena.

Babu alipousikia mkoromo wake alinionyesha kwa kidole ninyamaze. Akamteremsha Idi majini, akaendelea kumwosha taratibu. Mashavu yake yalikuwa yamelowa mpaka kidevuni, naye hakuyafuta. Nilidhani ni maji ya beseni.