Swali la Sita

Ilianza Jumanne, saa kumi na dakika kumi jioni, katika saiba moja, duka la kompyuta, karibu na steji ya Waithaka. Najua saa kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye kona ya kompyuta, na kila kitu kilichokuwa kwenye ile kompyuta bado ninacho kichwani.

Vijana wa kanisa walikuwa wamenituma nichapishe nyimbo za Jumapili. Dada wa saiba akasema, "Ngoja kidogo, karatasi imekwama," akainama kupigana na mashine. Nikabaki mbele ya kioo cha kompyuta yake. Alikuwa anachapa mtihani. Juu kulikuwa na jina la shule yetu, chini yake kidato chetu cha tatu, somo la dini. Ningeweza kugeuka niangalie barabara. Mimi hata watu siwezi kuwaangalia machoni, lakini siku hiyo macho yalikataa kuinama. Nilisoma swali moja tu, la sita: kwa nini yule aliyejenga upya ukuta wa Yerusalemu aliweka walinzi malangoni? Toa sababu saba. Mwisho wa swali kulikuwa na kale kamstari ka kompyuta, kanakuja na kupotea, kanakuja na kupotea, kama kope.

Sikupiga picha. Sikugusa kitu. Usiku huo kwenye daftari hili niliandika: Leo nimeenda saiba. Basi.

Kesho yake nikamwambia rafiki yangu tunayeketi naye dawati moja, "Soma mambo ya ukuta."

"Ati ukuta? Si mwalimu alisema tusome kila kitu?"

"Soma tu."

"Nani amekuambia?"

Hapo ndipo ningesema. "Nimehisi," nikajibu.

Nilitaka kumsaidia, hiyo ni kweli, kwa sababu muhula uliopita alianguka mtihani wa dini na akalia chooni. Lakini pia nilitaka mara moja tu niwe mtu mwenye kitu cha kumpa mwingine.

Alhamisi mtihani ukaja. Alipofika swali la sita alinigeukia polepole, macho yamemtoka, kama ameona mtu aliyekufa akitembea.

Ijumaa saa ya chakula, Muungano wa Wakristo hukutana kwenye maabara ya kemia. Rafiki yangu akasimama kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe!"

"Amen!"

"Tena na tena!"

"Amen!"

Akasema Mungu alimfunulia dada mmoja humu ndani swali la mtihani siku moja kabla. Akasema dada huyo ni mnyamavu, hajitangazi, na ndiyo maana Mungu humwambia mambo. Kisha akaninyooshea kidole. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa kwa aibu, na wao wakaona ni unyenyekevu. Aibu yangu ikawa imeshasema uongo, na mimi sijafungua mdomo.

Tangu siku hiyo sikuweza kusali. Nilipofumba macho sikuona giza, niliona weupe, ule weupe wa kioo, na kale kamstari kakinikonyeza. Nikiombea chakula, kapo. Kanisani watu wakiinua mikono, kapo. Nikakaa nasali macho wazi, nikiangalia sakafu ya saruji.

Na bado nilipenda. Nisipoandika hilo, daftari hili halina maana. Wasichana walioniruka miaka mitatu kana kwamba mimi ni kiti, sasa walinipisha kwenye foleni ya maji mferejini.

"Nabii, leo ni githeri ama wali?" mmoja akauliza.

"Githeri," nikasema.

"Manze, anajua!"

Wakacheka, nami nikacheka nao. Shuleni kwetu siku zote ni githeri, mahindi na maharagwe.

Walimu wa kanisa wametufundisha kulinda akili tangu tukiwa wadogo. Tusiangalie filamu chafu, tusisikilize nyimbo za matusi, tusifuate mambo ya simu. Yote hayo nililinda, na nilikuwa najisifu moyoni nikipita mjini kati, nisiinue macho kwenye mabango. Sikujua kuna lango lingine, na kwamba kinachopita hapo huja kimevaa nguo za Jumapili na kuitwa sista.

Jumatano iliyofuata, msichana wa kidato cha pili akanisubiri nje ya maabara. Tulikuwa hatujawahi kuongea. Akaniambia mamake ana uvimbe kwenye titi. Alikuwa akifanya kazi za nyumba Kileleshwa, lakini mkono hauinuki tena hata kukamua shuka, kwa hiyo sasa yuko tu nyumbani. Hospitali moja ya mjini ilikuwa imempa siku ya kupasuliwa: Jumatatu.

"Mama anaogopa," akasema. "Halali. Tafadhali, sista, muulize Mungu kama atapona."

Nikafumba macho. Kamstari kakaja, kakapotea. Niliwahesabu wasichana wengine waliokuwa wamesimama karibu wakingoja nitakachosema. Walikuwa wanne.

"Atapona," nikasema.

Alinikumbatia. Alikuwa mwembamba, na sweta yake ilinuka moshi wa makaa.

Nilijiambia sikusema kibaya. Si kila mtu humwambia mgonjwa atapona? Hata shangazi yangu huwaambia wagonjwa hivyo.

Ijumaa akaja mbio, uso unang'aa.

"Mama amelala! Siku mbili analala kama mtoto."

"Mungu ni mwema," nikasema.

"Na amesema kama Mungu mwenyewe ameshamponya, kisu ni cha nini? Jumatatu hatuendi."

Nikamwambia, "Lakini daktari..." Yeye alikuwa ameshakimbia kuwaambia wengine.

Jioni hiyo nilikaa kitandani daftari likiwa wazi, sikuandika. Nilijaribu kusali, na kama kawaida weupe ukaja, na swali, na walinzi malangoni. Safari hii sikufumbua macho kuukimbia. Nikabaki nako, kale kamstari. Nikasema kwa sauti, ndani ya chumba changu, "Nilisoma kwenye kompyuta." Ndiyo sala yote niliyokuwa nayo.

Jumamosi asubuhi nilitoka nyumbani saa moja. Niliwaambia wa nyumbani naenda kufanya mazoezi ya kwaya, kwa hiyo hapo napo nimeongeza uongo mwingine, nauandika. Nilienda Uthiru, anakoishi yule msichana wa kidato cha pili, kwa miguu kwa sababu nilitaka njia iwe ndefu. Wakati naulizia nyumba yao karibu nirudi mara mbili.

Mamake alikuwa ameketi kwenye stuli, anachambua maharagwe kwa mkono mmoja.

"Kumbe ndiye wewe," akasema akitabasamu. "Kadogo hivi! Karibu."

Nikabaki mlangoni. Nilimwangalia machoni, kwa sababu ningeinama nisingesema. Nikamwambia yote: saiba, karatasi iliyokwama, swali la sita, rafiki yangu, maabara. Nikamwambia kwamba nilipofumba macho kwa ajili yake sikusikia chochote.

Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Nilimsikia akivuta pumzi.

Mama yule akaacha maharagwe.

"Mungu hakusema nitapona?"

"Hakuniambia, mama."

"Alisema sitapona?"

"Hapana. Hakuna kitu aliniambia. Mimi ndiye nilisema."

Jirani alikuwa anapiga mswaki nje, na maji yakamwagika.

"Unajua umenipa usiku tatu nimelala," akasema mwishowe. "Usiku tatu. Na sasa umekuja asubuhi mapema hivi kuzichukua."

Nilitaka anipige.

Akageukia pazia. "Wewe, acha kulia. Leta ile kadi."

Msichana akatoka bila kuniangalia. Akafungua kitabu cha nyimbo juu ya televisheni, akatoa kadi ya hospitali iliyokuwa imewekwa ndani kama alama ya ukurasa. Mamake akaishika mbali na macho, kisha akaninyooshea.

"Sioni vizuri. Imesema saa ngapi?"

"Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akasogeza sufuria ya maharagwe kwa mguu, nafasi ikapatikana kwenye mkeka.

"Ingia ama utoke," akasema. "Baridi inaingia."

Nikavua viatu nikaingia, nikaketi, nikaanza kuchambua upande ambao mkono wake haukufika.